Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Klabu ya Mchakamchaka, Temeke

Ndugu mlezi wetu, wajumbe wa kamati na wanachama mliofika,

Waliotuma udhuru tumewasikia. Wasiotuma chochote wataisoma taarifa hii kwenye kundi la WhatsApp, na wataijadili huko huko kwa ukali ambao hapa ukumbini hatuuoni.

Shughuli za kawaida za 2025 mnazijua. Jumamosi tumekimbia kutoka Uwanja wa Uhuru kupitia Chang'ombe na kurudi, isipokuwa masika barabara ilipojaa maji. Tulikwenda Daraja la Tanzanite, tulifanya bonanza, tulizika, tuliozesha. Jezi mpya zilipatikana kwa mfadhili aliyetafutwa na mwenyekiti. Nalitaja hilo kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Sasa suala lililoleta maneno. Oktoba nilielekeza kwamba mwanachama mpya asikimbie na kundi kubwa mpaka amalize wiki 9 za maandalizi: siku tatu kwa wiki, anakimbia dakika moja, anatembea mbili, na kukimbia kunaongezwa taratibu. Imesemwa kwamba nimegeuza klabu kuwa matembezi ya wazee, na kwamba niliamua peke yangu.

Nianze na hilo la pili. Kikao cha kamati kiliitishwa mara mbili na akidi haikutimia. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuamua mambo ya dharura. Mtu akiuliza dharura ilikuwa ipi, nami namuuliza, vijana kuchechemea kila Jumatatu ni jambo la kusubiri wajumbe waamke?

Tangu Alphonce Simbu atwae ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, wapya walimiminika. Simbu alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kijana wetu wa kwanza kumwiga aliishia Keko kashika mbavu, na hatujamwona tena. Wanasahau kwamba Simbu huyohuyo alichukua shaba London mwaka 2017, na dhahabu ikaja miaka minane baadaye.

Ukweli ni kwamba pumzi huzoea haraka kuliko mifupa na kano. Wiki ya tatu mtu anajiona yuko fiti, anaongeza umbali, na hapo ndipo ugoko na goti vinapomkamata. Akishauguza wiki mbili, habari yake imekwisha. Ndiyo maana nikasema mgeni akimbie kwa kasi inayomwezesha kuitikia chenja, yaani nyimbo za mchakamchaka. Asiyeweza kuitikia apunguze mwendo, hata kama mbele yake kuna mama mwenye ndoo.

Kuhusu zile wiki 9, sikuziokota hewani. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani zilipita siku 66 ndipo jambo likawa la kujiendea lenyewe, ingawa tofauti ilikuwa kubwa: wa haraka siku 18, na mwingine alikadiriwa 254. Wiki 9 ni siku 63. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuvunji tabia. Hilo nawaambia hasa wale wanaokosa Jumamosi moja, wakaona haya, wakapotea mpaka Januari nyingine na raba mpya.

Matokeo: walianza 26, walimaliza 15, na 12 bado wanakuja. Hao 15 hakuna aliyeumia. Zamani tukipokea 40 Januari, ilipofika Pasaka wamebaki wa kuhesabu kwa vidole. Wanaopinga walete hesabu zao, siyo vijembe.

Mahudhurio yanasikitisha. Tuko wanachama 84, ila Jumamosi ya kawaida hatuzidi 30. Siku ya supu, ajabu, tunafika 70 na wengine wanakuja na wageni. Na hao wakongwe wanaowacheka wapya kwa kutembea, baadhi yao sijawaona wakitembea wala wakikimbia tangu bonanza.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Tulitarajia 5,040,000, tumekusanya 1,935,000. Matumizi ya usafiri, maji, sanduku la huduma ya kwanza, rambirambi na bonanza ni 1,810,000. Salio 125,000. Mweka hazina atajibu maswali, lakini asiulizwe na wenye madeni.

Mwaka huu tunatarajia, Mungu akipenda, kupata sehemu ya kudumu ya kuhifadhia vifaa, kuanzisha kundi la jioni kwa kina mama wanaoshindwa alfajiri, na ikiwezekana kupeleka watu Kilimanjaro Marathon, Moshi, hali ya fedha ikiruhusu. Utaratibu wa wiki 9 unaendelea. Mwenye hoja ailete kikaoni, na kikao kitaitishwa kwa mara ya tatu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti