Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu wa Opereta

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi wa chama, na wageni mliofika leo,

Kabla ya yote niwashukuru kwa kusimama nasi kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Familia zao zimo humu ukumbini na tunazikaribisha tena. Viti vya wapendwa wao ni vyao.

Mkutano Mkuu uliopita uliamua kwamba, badala ya kuchanganya filamu za kila aina kama tulivyozoea, tuutenge mwaka mzima kwa opereta za Hollywood: zile picha za kuimba zilizoanza sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, zikapamba moto katika miaka ya 1930, kisha zikafifia vita kuu ya pili ilipopamba. Uamuzi ule haukupita kirahisi. Wapo waliosema ni nyimbo za kizamani za mabwana na mabibi wa kifalme, na kwamba tungejikuta tunaonyesha kuta. Nafurahi kuwaarifu kwamba mahudhurio yalipanda, na Jumamosi ya filamu ya *Maytime* tulilazimika kuazima viti kwa majirani.

Kwa waliojiunga katikati ya mwaka, nieleze tulikoanzia. Opereta ni mchezo wa jukwaani unaochanganya mazungumzo na nyimbo, hadithi yake ni ya mapenzi na vituko, lakini waimbaji wake wanatakiwa wawe na sauti zilizofundwa hasa. Ilistawi Paris na Vienna katika karne ya 19, kisha ikavuka bahari. Watunzi watatu walioijenga opereta ya New York wote walizaliwa Ulaya: Victor Herbert katika kisiwa cha Guernsey, Rudolf Friml Prague, Sigmund Romberg Hungaria. Sinema ilipopata sauti, studio za Hollywood zilikuta ghala limejaa nyimbo zao, nazo zikachota bila kipimo. Kufikia mwisho wa 1930 watazamaji walikuwa wamechoka, na baadhi ya studio zikaanza kuzitoa nyimbo katika filamu zilizokwisha kupigwa. Baadhi ya kazi za wakati ule hatutaziona tena. *The Rogue Song* ya 1930, aliyoimba Lawrence Tibbett kwa rangi, imebaki vipande tu.

Katika mafuriko yale alikuwepo mtu mmoja aliyejua anachofanya, naye ndiye aliyetufungulia mwaka. Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin, alitengeneza *The Love Parade* mwaka 1929 akiwa na mwimbaji Mfaransa Maurice Chevalier na binti wa Philadelphia aliyekuwa hajawahi kuonekana kwenye filamu, Jeanette MacDonald. Mwaka uliofuata akamweka binti huyo kwenye treni katika *Monte Carlo*. Naomba nikumbushe kipande hicho, kwa sababu baada ya onyesho mlikizungumza hadi nje ya geti. Bibi amekimbia harusi yake, hajui anakwenda wapi. Magurudumu yanaanza kupiga, injini inatoa mvuke na filimbi, na taratibu ile kelele ya chuma inageuka kuwa mapigo ya wimbo. Anafungua dirisha, anaimba, na wakulima mashambani wanampungia mikono na kuitikia kiitikio wakati treni inapita. Hiyo ni 1930, wakati filamu nyingi za kuimba zilikuwa bado zimemsimamisha mwimbaji mbele ya kamera kama anapigwa picha ya pasipoti.

Sasa niingie kwenye suala lililotugawa mwaka huu, ambalo lipo kwenye ajenda yenu namba nne. Kikundi cha wanachama wetu vijana kilileta pendekezo kwamba filamu hizi ni ndefu, kwa hiyo tuonyeshe nyimbo tu, zikiwa zimekatwa na kuunganishwa, tumalize ndani ya saa moja. Wengine, kinyume chake, waliomba tuziruke nyimbo, tubaki na hadithi. Kamati Tendaji iliwasikiliza wote kwa heshima. Msimamo wa kamati, na wangu mimi mwenyewe, ni kwamba tusikate popote. Nitatoa sababu, nanyi mtaamua kwa kura.

Mtazame *Love Me Tonight* ya 1932. Mwongozaji ni Rouben Mamoulian, mzaliwa wa Tbilisi, na nyimbo ni za Richard Rodgers na Lorenz Hart. Paris inaamka: mmoja anapiga sururu barabarani, mwingine anafagia, mafundi viatu wanagonga, akina mama wanakung'uta mazulia dirishani, na kila kelele inaingia kwa zamu yake mpaka mtaa mzima unakuwa ngoma moja. Halafu tunamkuta Chevalier, fundi cherehani, amemvalisha bwana harusi suti mpya mbele ya kioo. Anaanza kuimba akiisifia ile suti. Mteja anatoka dukani akiwa ameushika wimbo mdomoni. Dereva wa teksi anausikia, abiria wake ni mtunzi wa muziki, anauandika. Mtunzi anapanda treni iliyojaa askari, nao wanaugeuza kuwa wimbo wa kwata. Askari wakipita porini anawasikia mpiga fidla mmoja, anaupeleka kambini kwao usiku. Na kutoka kambini unapanda hadi kwenye roshani ya kasri, ambako binti wa kifalme, Jeanette MacDonald, anaumalizia. Fundi na binti wa kifalme hawajaonana bado. Hawajuani hata kwa jina. Lakini sisi tuliokaa gizani tumekwisha jua kwamba hawa ni wa kuoana, na ni wimbo uliotuambia. Hapo utakata nini? Ukiondoa wimbo, hadithi imekufa. Ukibakiza wimbo peke yake, hujui kwa nini roshani ile inakutoa machozi.

Na filamu hiyohiyo ilikatwa kweli. Kuanzia katikati ya 1934 kanuni za maadili za Hollywood zilianza kusimamiwa kwa ukali. *Love Me Tonight* iliporudishwa kwenye majumba ya sinema baadaye, ilipitishiwa mkasi. Mwigizaji Myrna Loy aliondolewa sehemu yake katika wimbo mmoja kwa kuwa vazi lake la kulalia lilionekana jepesi mno. Vipande vilivyoondolewa havijapatikana hadi leo. Tuliyoitazama sote ukumbini humu ni ile iliyobaki, na ni miongoni mwa filamu bora kabisa nilizowahi kuziona. Nikifikiria kwamba kuna dakika kadhaa zake ambazo hakuna binadamu atakayeziona tena, naumia. Chama cha wapenzi wa sinema kisishike mkasi uleule kwa hiari yake.

Tuliendelea na *The Merry Widow* ya 1934, kutoka opereta ya Franz Lehár iliyoanza Vienna mwaka 1905. Lubitsch tena, Chevalier na MacDonald tena, safari hii kwa studio ya MGM na kwa fedha nyingi. Mama zetu wa safu ya mbele walishangilia pale mjane anapoamua kwamba eda imetosha: magauni meusi kabatini yanakuwa meupe, viatu, kofia, shela, hadi mbwa wake mweusi anakuwa mweupe. Hakuna neno linalosemwa. Kisha ile dansi, jozi baada ya jozi wakizunguka katika ukumbi wa vioo, weusi na weupe, kama mawimbi. Filamu hii ilipata tuzo ya Oscar kwa usanifu wa mandhari, na baada ya dansi ile hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kuanzia Juni tuliingia kwa Jeanette MacDonald na Nelson Eddy. Walicheza pamoja filamu nane, kuanzia *Naughty Marietta* ya 1935 hadi *I Married an Angel* ya 1942. Nimesikia wanachama wakisema Eddy ni mkavu, anasimama kama mlingoti. Sauti yake ndiyo inayoigiza, na anayetaka ushahidi afumbe macho wimbo wa mwisho wa *Naughty Marietta* unapoanza. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya kurekodi sauti, kazi iliyokuwa chini ya Douglas Shearer. Wengi wetu tumelelewa na picha za Kihindi, kwa hiyo tulitambua mara moja utaratibu wao: wimbo unarekodiwa kwanza studio, kisha unapigwa wakati wa kupiga picha na mwigizaji anaufuata kwa midomo. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa wanafuata sauti zao wenyewe.

Mwongozaji wa *Naughty Marietta*, W. S. Van Dyke, ana uhusiano na kwetu ambao wachache waliufahamu. Mwaka 1929 aliletwa na MGM kupiga *Trader Horn* nchini Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, na Mkenya Mutia Omoolu, aliyecheza humo, alipelekwa hadi Hollywood kumalizia picha. Kamati ndogo ya utafiti inaomba mwenye picha au kumbukumbu za familia kuhusu msafara ule awaone.

*Rose-Marie* ya 1936 ilileta mjadala mkali, na ulistahili kuwa mkali. Mandhari ya Lake Tahoe ni ya kupendeza, wimbo wa kuitana mabondeni ni mtamu, na James Stewart kijana anaonekana akiwa kaka mtoro. Lakini wenyeji wa Amerika wamewekwa humo kama mapambo ya ngoma kubwa. Sisi ambao bara letu limefanyiwa hivyohivyo kwenye filamu nyingi tunaijua hali hiyo. Tuliionyesha nzima, tukaisema wazi baada ya taa kuwaka, na nadhani ndivyo inavyofaa.

*Maytime* ya 1937 ndiyo kilele, na hapa sitajificha nyuma ya kamati: ndiyo niipendayo kuliko zote. Ilianza kupigwa kwa rangi mwaka 1936. Mzalishaji Irving Thalberg akafariki Septemba mwaka huo, kazi ikasimama, ikaanzwa upya kwa rangi nyeusi na nyeupe chini ya mwongozaji mwingine, Robert Z. Leonard. Bibi kizee anamsimulia msichana wa jirani ujana wake: alikuwa mwimbaji wa opera Paris, ameahidi kuolewa na mwalimu wake (anayeigizwa na John Barrymore) kwa kulipa fadhila, na siku moja tu ya sherehe za Mei akampenda kijana asiye na kitu. Miaka inapita, wanakutana tena jukwaani New York, wote wawili wanaimba opera ambayo haipo duniani: mtunzi Herbert Stothart aliitengeneza kwa ajili ya filamu kutoka kwenye Simfonia ya Tano ya Tchaikovsky. Wanaimba kama wahusika, lakini kila mstari wanaambiana ukweli wao, mbele ya watu wote. Na mume, ambaye hajaambiwa lolote, anaelewa. Kamera inarudi kwenye uso wa Barrymore na unaona ameelewa. Hakuna maneno ya kawaida ambayo yangefanya kazi ile. Kisha unasikia tena ule wimbo wa Romberg wa sherehe za Mei, ambao saa moja kabla ulikuwa mchezo tu, na sasa huwezi kuuvumilia. Ndiyo sababu nasema onyesho liwe zima. Wimbo ule unahitaji saa ile moja.

*Sweethearts* ya 1938, filamu ndefu ya kwanza ya MGM kwa Technicolor kamili (mfumo wa kupiga filamu za rangi), tuliitazama baada ya hapo. Ni nzuri kwa macho, rangi zake zilipata tuzo maalumu ya Oscar, lakini hadithi yake inalegea katikati. *New Moon* ya 1940 ilipendwa zaidi na akina baba, kwa sababu ya ule wimbo wa wanaume kuandamana.

Masuala ya uendeshaji nayapitia haraka. Hesabu zimekaguliwa na zimo katika kabrasha mlilopewa mlangoni, Mweka Hazina atajibu maswali. Taa ya projekta iliungua na fundi wa kwanza alituzungusha, tukapata mwingine. Wakati wa masika umeme ulikatika katikati ya maonyesho, na tunamshukuru mwanachama aliyejitolea jenereta yake. Vijana walioandaa muhtasari wa Kiswahili wa kila filamu wamefanya kazi kubwa, wazee wetu wameusifu sana. *The Love Parade* imekuwa mali ya umma nchini Marekani tangu tarehe 1 Januari 2025, na mwanachama wetu mwanasheria anatuandalia maelezo kuhusu sheria ya hapa kwetu ili maonyesho yetu yote yawe halali.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tumalizie vipande vilivyosalia vya safari hii kabla ya kuhamia kwingine: *The Great Waltz* ya 1938, aliyoimba Miliza Korjus, *The Chocolate Soldier* ya 1941, ya Nelson Eddy na Risë Stevens, na *The Smiling Lieutenant* ya 1931, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa imepotea kabisa hadi nakala yake ilipopatikana Denmark katika miaka ya 1990. Hii ya mwisho naomba mje na watoto wenu wakubwa.

Mapendekezo mawili yako mbele yenu kwa kura: kwanza, filamu zote zionyeshwe nzima, kwa mapumziko ya dakika 15 pale zinapozidi saa mbili, pili, vijana wetu wapewe Jumatano moja ya kila mwezi kuandaa mazungumzo ya nyimbo watakazochagua, baada ya filamu yenyewe kuonyeshwa Jumamosi iliyotangulia.

Naomba kuwasilisha.