Rehema, njoo uongee na baba mdogo

Shoga, habari za Moro, watoto hawajambo? Huku Dom tupo, vumbi na upepo kama kawaida, mama anakusalimia sana. Najua nimekaa kimya mno, nisamehe, ila hili la ndugu yangu Daudi linaninyima usingizi.

Unakumbuka alivyokuwa kabla ya klozapini, hii dawa yake ya skizofrenia, ule ugonjwa wa akili uliomfanya asikie sauti; dawa mbili za mwanzo zilishagonga mwamba. Sasa hivi sauti zimenyamaza, anakula, anapiga stori, mpaka zabibu za baba mdogo kaenda kuvuna. Ila tangu dozi ipande kaanza kunawa mikono. Anahesabu, mara saba kila mkono, akikosea anaanza moja, jana kamaliza ndoo mbili na maji yetu unayajua ni ya mgao, vidole vimepasuka mpaka damu. Usiku anaamka kushika kufuli la geti, analala, anaamka tena. Nikamuuliza, ni sauti zinakutuma? Akasema, "Hapana dada, mawazo ni yangu mwenyewe, najua mikono misafi ila nisiponawa moyo hautulii."

Nikampelekea daktari maneno hayo hayo. Kasema kwa maelezo hayo haoni kama skizofrenia imerudi, huu ni ugonjwa wa kurudiarudia vitu, na klozapini yenyewe inaweza kuuleta. Watajaribu kushusha dozi taratibu, ikishindikana wataongeza dawa nyingine, aripiprazoli au sertralini. Fluvoksamini, dawa ya kundi moja na sertralini, anaiogopa maana inapandisha sana klozapini kwenye damu. Na kuna mazoezi, hamu ya kunawa ikija anavumilia kidogo kwanza, leo kafika dakika tano, jasho linamtoka, nimekaa naye nimemshika bega, Rehema nililia.

Sasa baba mdogo hataki kusikia, anasema dawa ndo zinamharibu, ziachwe zote apelekwe kijijini kwenye maombi. Maombi sikatai, hata mimi naomba. Lakini dawa hii akiikosa zaidi ya saa 48 haendelei alipoishia, anaanzishwa upya na miligramu 12.5, na zile sauti zinaweza kurudi kwa kasi, we ulikuwepo ile siku ya Nkuhungu, sitaki hata kuisema.

Wewe nesi anakusikiliza, mimi ananiona mtoto. Utapata ofu lini? Jumamosi unaweza kupanda treni ukaja hata kwa siku moja? Au nimpigie na wewe uwe kwenye laini? Mama Nuru kashajifungua? Na vile vidole, nimpake mafuta gani, mgando inatosha?