Viungo vya mwili, PP1 na PP2 (madarasa ya awali)

Hamjambo walimu. Jumatatu tunaanza viungo vya mwili kwa Kifaransa. Naomba chati ya ukutani isubiri kwanza. Mtoto aguse kiungo chake mwenyewe huku akisikia jina: la tête (kichwa), le nez (pua), la bouche (mdomo). Kila neno liende na le (ya kiume) au la (ya kike) yake tangu mwanzo.

Tukae zaidi kwenye mkono na mguu. Watoto wetu hapa Nairobi huita mkono kuanzia begani hadi vidoleni, ilhali Kifaransa hugawa: le bras (begani hadi kifundo cha mkono), la main (kiganja na vidole). Mguu vilevile, la jambe (hadi kifundo cha mguu) na le pied (kuanzia kifundo kwenda chini). Chezeni Jacques a dit (mchezo wa "Simon says", mtoto hutenda pale tu amri inapoanza na maneno hayo) uwanjani, polepole. Mtoto mkimya akigusa panapofaa, ameshaelewa. Tafadhali asilazimishwe kutamka. Mwenye kadi za picha za ziada, alete.