Mliosomeshwa na Mbiti, andikeni mngali nasi

Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba huwa nalisoma gazeti lako kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa michezo nikitafuta jina moja. Huu ndio mwezi wa Mashujaa, na mashujaa tunaotajiwa ni wale wa msituni, wa siasa na wa riadha. Wote wanastahili. Ninayemtafuta mimi ni Kasisi Profesa John Samuel Mbiti, msomi wa theolojia na dini za Kiafrika, aliyezaliwa Mulango, Kitui, tarehe 30 Novemba 1931, akafariki Burgdorf, Uswisi, Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka 87. Mwaka huu pia sikumwona. Nimeona niandike mwenyewe.

Sikuwahi kukutana naye. Naandika kwa sababu ya mtu mwingine, mwalimu wangu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hata alipokuwa hai hakupenda kutajwa. Alinifundisha somo la Dini ya Kikristo kidato cha tano na cha sita, mwaka 1981 na 1982. Yeye mwenyewe alifundishwa na Mbiti pale Makerere kuanzia 1967 hadi 1970. Tulimzika mwezi Mei. Nimekaa na jambo hili kifuani tangu siku ile, na sasa nalitoa.

Siku ya kwanza aliingia darasani na kitabu kimoja tu, kilichokatika jalada, amekifunika kwa karatasi ya kaki. Hakusema lolote. Alichukua chaki akaandika maneno mawili ubaoni, moja kushoto, jingine kulia: SASA, ZAMANI. Tulitazamana. Tulikuwa tumezoea kwamba elimu ya dini huja na maneno mazito ya kigeni, na hapa palikuwa na maneno ambayo hata mtoto wa chekechea anayajua. Ndipo akatuuliza, mmoja mmoja, babu na nyanya zetu waliokufa tuwaandike upande gani.

Wengi tulisema Zamani. Akatuuliza majina yao. Kila aliyetaja jina la mtu aliyemjua kwa macho, Mwalimu aliliandika upande wa Sasa. Ubao ulianza kujaa upande mmoja. Kulikuwa na msichana mmoja aliyelelewa mbali na kwao, naye hakujua jina hata moja. Mwalimu hakumkemea wala hakumruka. Alimwambia aende nyumbani wikendi ile akaulize. Jumatatu alirudi na majina matatu, na Mwalimu, kabla ya kugusa somo la siku, aliyaandika yote matatu, pole pole, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Baadaye ndipo alipotueleza tulichokuwa tumefanya. Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno hayo mawili ya Kiswahili akayafanya nguzo za maelezo yake kuhusu wakati. Sasa ni wakati tunaouishi, pamoja na ule tuliotoka kuupita na ule ulio karibu mno kufika. Zamani ni ghala kubwa ambamo kila kitu huishia. Na mtu akifa haendi Zamani siku hiyo hiyo. Maadamu wako watu waliomjua ambao bado wanamkumbuka kwa jina, huyo ni mfu aliye hai, angali katika Sasa ya watu wake. Hali hiyo huweza kudumu vizazi vinne au vitano. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, hapo ndipo jina lake huzama.

Kitabu hicho kimetafsiriwa kwa Kifaransa na Kijerumani, na maneno yetu mawili yakasafiri nacho. Mimi niliyapokea kwenye ubao uliopasuka, na nilipokuwa mwalimu niliyafundisha kwa njia ile ile mpaka nilipostaafu, majina ubaoni kwanza, maelezo baadaye.

Mwalimu hakuwa mtu wa kumsifu bwana wake bila kipimo. Wiki ile ile aliyotupa sura ya Mbiti kuhusu wakati, alitupa pia maneno makali ya mshairi Okot p'Bitek wa Uganda, aliyewashutumu Mbiti na wasomi wenzake kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani, yaani kuieleza kwa fikra za Wagiriki wa kale. Alitaka tuwasikie wote wawili. Mimi nilijipa moyo nikaandika insha ya kumpinga Mbiti mahali pengine kabisa. Yeye alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo. Alitoa ushahidi kutoka lugha yetu ya Kikamba na ya Kikuyu, akisema vitenzi vya wakati ujao havivuki miezi sita, au miaka miwili vikizidi sana. Nikaandika kwamba nyanya yangu alipanda miembe akiwa mzee wa kutembelea mkongojo, naye alijua fika hataila. Alipanda kwa ajili ya nani, kama wakati ujao haupo? Mpaka leo naamini Mbiti alikosea hapo. Mwalimu alinipa alama 17 kwa 20, na chini akaandika kwa penseli: "Nyanya yako yuko hai? Mwulize."

Hakuwa hai. Nilikuwa nimechelewa kwa mwaka mmoja.

Nilipopata kazi ya ualimu, Mwalimu alipanda matatu akaja hadi shule yangu ya kwanza, akaomba ruhusa ya mwalimu mkuu, akaketi dawati la nyuma kabisa. Baada ya kipindi aliniambia kwamba katika dakika 40 mimi nilikuwa nimesema 35. Alisema hivyo kwa upole tukinywa chai, kisha akaniombea pale pale katika chumba cha walimu, mkono wake juu ya daftari langu la maandalio. Usomi wake na maombi yake havikuwa vitu viwili. Nimewasikia watu wakisema kwamba asomaye sana theolojia hupoa moto wa imani, nami huwajibu kwa kumtaja yeye. Alisoma Agano Jipya kwa Kigiriki kila alfajiri kwa miaka zaidi ya 50, na alizika maskini wa kijiji chake pale ambapo hapakuwa na mchungaji wa kuwazika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, Mhariri.

Kitabu kile cha 1969 kilikua kutokana na mihadhara. Mwalimu wangu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa Makerere katika miaka hiyo hiyo. Je, mimi niliyekuwa karibu naye kwa zaidi ya miaka 40 najua nini kuhusu mihadhara hiyo? Najua kwamba alikwenda Kampala kwa gari la moshi. Najua kwamba aliandika maelezo yake ya darasani katika madaftari sita ya jalada gumu. Basi. Sikumwuliza Mbiti alisimamaje mbele ya darasa, alijibuje swali gumu, alikuwa na subira au hakuwa nayo, wanafunzi walibishana naye kuhusu nini. Kila nilipomtembelea tuliongea habari za watoto, mvua na kanisa. Nilidhani tuna muda.

Baada ya mazishi nilimwomba kifungua mimba wake anionyeshe yale madaftari. Alinipeleka kwenye stoo nyuma ya nyumba. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni ndani ya sanduku la mbao. Tulipoliinua, chini lilimwaga udongo. Jalada mbili zilibaki, na karatasi moja iliyokwama ndani ya jalada. Kijana yule alilia kuliko alivyolia kaburini, nami sikuwa na la kumwambia, maana yeye hakujua kilichokuwamo, na mimi niliyejua sikuwahi kusema.

Karatasi hiyo ninayo. Ina safu tatu za maneno: Kigiriki, Kiingereza, Kikamba. Moto. Hazina. Mji. Machozi. Mbingu. Niliyatambua mara moja. Ndiyo maneno ambayo Mbiti aliyafanyia utafiti kwa shahada yake ya udaktari pale Cambridge, aliyoipata 1963, na kitabu chake kikatoka 1971. Alitaka kujua Mkamba anasikia nini anapohubiriwa habari za mwisho wa dunia. Wamishonari wa Africa Inland Mission waliingia Ukambani mwaka 1895, na mahubiri yao yalijaa moto wa jehanamu na mji wa dhahabu. Mbiti aliona kwamba waumini wengi waliyachukua maneno hayo kama vitu vya kushika kwa mkono, wakangojea mji wenye barabara halisi na kukaukiwa machozi halisi, hali Agano Jipya lilikuwa likinena habari za Kristo mwenyewe. Kando ya neno "machozi" Mwalimu aliandika mstari mmoja kwa penseli, na mchwa wameula katikati. Nimeukodolea macho kwa kioo cha kukuza usiku mwingi. Siusomi.

Mbiti alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974. Kisha alikwenda kuongoza Taasisi ya Kiekumene, yaani ya umoja wa makanisa, ya Bossey karibu na Geneva, na baadaye akawa mchungaji wa parokia pale Burgdorf na profesa katika Chuo Kikuu cha Bern. Piga hesabu mwenyewe, Mhariri. Walioketi mbele yake Makerere, hata wale wa mwisho kabisa, sasa wamepita miaka 70. Vitabu vyake vitabaki. Ninachokihofia ni hao wanaokumbuka sauti yake.

Na Mbiti mwenyewe asingekubali hali hii. Alikuwa mtu wa kuwafuata wazee na kuandika wasemayo. Mkusanyiko wake wa hadithi za Wakamba ulitoka 1966. Mwaka 1970 alitoa kitabu kingine kilichokusanya mawazo kuhusu Mungu kutoka jamii karibu 300 za Afrika, wakati ambapo wageni wengi walikuwa bado wakiandika kwamba Mwafrika hakumjua Mungu mpaka alipoletewa. Na uzeeni, akiwa mbali na nyumbani, alilitafsiri Agano Jipya peke yake kutoka Kigiriki moja kwa moja hadi Kikamba, likachapishwa 2014.

Nakala hiyo nilimsomea mama yangu, ambaye macho yalikuwa yamefifia. Tulianza na Injili ya Luka, sura ya 15. Nilipofika pale baba anapomwona mwanawe akiwa bado mbali, mama aliinua mkono nisimame. Akauliza, "Huyu aliyeandika ni wa wapi?" Nikamwambia ni wa Mulango. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Rudia tena tangu mwanzo." Tulirudia mara tatu jioni ile. Mama naye ametangulia, na kila nifunguapo sura hiyo nauona mkono wake.

Ombi langu ni kwa mliosomeshwa na Mbiti, Makerere au kwingineko, na kwa watoto wenu na wajukuu. Mlio na madaftari, yatoeni chini, yapandisheni juu, mbali na ardhi. Mlio na barua, zipigeni picha. Mlio na kumbukumbu kichwani tu, mwombeni mjukuu mwenye simu akae nanyi saa moja awarekodi mkisema. Msingoje ziwe kumbukumbu kubwa. Alikuwa akiandika ubaoni au alisoma kutoka karatasi? Alianza kwa sala? Alipokosolewa alifanyaje? Mambo madogo namna hiyo hayamo katika kitabu chochote nilichowahi kusoma. Na wahadhiri mnaofundisha theolojia na dini katika vyuo vyetu, wapeni wanafunzi wenu kazi hii badala ya insha nyingine ya kurudia yaliyomo vitabuni.

Nakuomba nawe, Mhariri, utenge nafasi ndogo kila Oktoba, hata nusu safu, kwa ajili ya watakaoandika.

Mimi nimeanza na Mwalimu wangu. Nimenunua daftari la jalada gumu, na hadi jana nilikuwa nimeandika kurasa 41 za ninayoyakumbuka juu yake, kuanzia karatasi ya kaki hadi chai ya chumba cha walimu. Nimewaandikia tuliosoma pamoja, na sita wamejibu. Yule msichana wa majina matatu, ambaye sasa ni nyanya, amenitumia yake yote matatu. Kama yuko mzee yeyote kati ya Machakos na Mwingi aliyemsikia Mbiti kwa masikio yake, na mkono wake hauwezi tena kushika kalamu, anitumie ujumbe kupitia gazeti hili. Nauli ninayo, na nitakuja siku atakayotaka.

Mwalimu mstaafu,
Kitui