"Gari la kesho ni zima?"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wamiliki wa mabasi wanaolalamika kwamba gari ndogo zimewamalizia abiria. Mimi ni wakala wa tiketi stendi ya Lushoto, mwaka wa tisa sasa, kwa basi la kwenda Tanga kila alfajiri.

Zamani siti za mbele zilikuwa zimeisha tangu jioni. Siku hizi simu zinaanza saa 2 usiku na hakuna anayeuliza nauli. Wanauliza, "Mwanangu, gari la kesho ni zima?"

Ilianza na mkanda wa feni. Gari lilichemsha karibu na Hale, abiria wakakaa juani kwa muda wa saa tatu wakimsubiri fundi kutoka Korogwe. Kulikuwa na mama wa Mlalo mwenye miadi ya macho hospitali ya Bombo, Tanga. Alifika kliniki imeshafungwa, akalala mjini kwa hela aliyoweka ya dawa. Aliporudi kwa miadi mipya alinisalimia vizuri tu dirishani, kisha akaenda kupanda gari ndogo ya kushuka Mombo. Pale anaunga basi la Arusha kwenda Dar es Salaam, anashuka Segera, anatafuta jingine la Tanga. Magari matatu na nauli kubwa zaidi, lakini likiharibika moja, jingine linakuja nyuma yake.

Tajiri wetu, mwenye basi, alihesabu hasara ya siku ile peke yake: mkanda, fundi, na nauli za waliofaulishwa kwenye magari mengine. Mimi niliiona hasara ya wiki mbili zilizofuata, gari la siti 40 likiondoka na watu 15. Siti zikiwa tupu konda anataka kusubiri, wapiga debe wanaitwa, gari la saa 11 linatoka saa 12 na nusu. Hapo hata waliokuwa bado wanatuamini wanaondoka. Mapato yakishuka, sevisi inasogezwa mbele na tairi zinanunuliwa zilizokwisha tumika. Na barabara ile ya kupitia Soni haina huruma, kona juu ya kona. Gari likisimama Mombo, sogeza mkono karibu na rimu uone joto la breki linavyokupiga.

Kuna wakati tuliletewa gari la akiba, kuukuu, viti vimepasuka hadi sponji inaonekana. Dereva wake alishinda nalo gereji kila Jumapili. Halikulala njiani hata mara moja, na mwezi haukuisha siti zikawa zinajaa. Kisha likahamishiwa njia nyingine.

Nawaomba wamiliki wapumzishe gari siku moja kwa wiki na siku hiyo itangazwe stendi. Mkanda na hosi ya rejeta visafiri na gari. Wakubaliane pia kwamba likikwama la mmoja, la mwenzake lichukue abiria kwa tiketi ileile.

Na sisi mawakala turuhusiwe kusema kweli. Nikipigiwa simu usiku, nami najua gari bado liko juu ya jeki, naagizwa nijibu, "Lipo, njooni." Nimejibu hivyo mara nyingi mno. Wote niliowaamsha usiku wa manane kwa jibu hilo, nawaomba radhi.

Wakala wa tiketi,
Lushoto, Tanga