Ondoeni majina kwenye listi ya futing

Bwana Mhariri, salamu kutoka huku Bukavu.

Naomba kanafasi kadogo niongelee hizi ekipe (timu) zetu za futing, yaani mbio za mazoezi, za Jumapili asubuhi. Siku hizi tukifika tu, watu bado wanahema, kiongozi ashatupa listi kwenye WhatsApp, wa kwanza mpaka wa mwisho, majina na dakika, na picha ya yule wa mwisho ameinama mikono kwenye magoti, halafu emoji za kucheka zinafuatana. Jumapili inayofuata wa chini hawaonekani. Wengine wanakuja, ila tukianza tu kupanda mlima wa Kadutu kamba za viatu zinafunguka, na ajabu ni kwamba kwenye kuteremka hazifungukagi hata moja!

Sisemi mashindano ni mabaya, hapana. Tangu 1898 huko Marekani Norman Triplett aliona waendesha baiskeli wakiwa na wenzao wanaenda mbio kuliko wakishindana na saa peke yao. Hata hapa kwetu, kijana akikaribia kona ya wasichana wanaouza samaki wadogo wa sambaza, miguu inapata moto ghafla. Na 2016 Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa utafiti wa wanafunzi karibu 800, wiki 11 za mazoezi, waliotiwa kwenye mashindano walihudhuria karibu mara mbili ya wale wasioshindanishwa, na ekipe za kutiana moyo tu hazikufua dafu. Lakini angalieni hapa: kwa walioshindana mmoja mmoja, listi yao haikuwa na majina. Unaona uko wapi na wenzako wako wapi, basi, hakuna wa kukuchekea sokoni Jumatatu.

Halafu kuna hii ya kuzidiana. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa Berlin, wawili wawili wananyanyua chuma kimoja, mmoja akichoka kazi imeisha, na yule dhaifu alivumilia kuliko akiwa peke yake, hasa pale mwenzake alipomzidi kwa kiasi tu. Pengo likiwa kubwa mno, nguvu hiyo inapungua. Sasa sisi tunampanga mama wa miaka hamsini listi moja na kijana anayecheza mpira kila siku, huo ni mchezo gani? Mwingine anatuletea hadi dakika za shemeji yake wa Kinshasa, eti tunazidiwa, wakati Kinshasa iko kama mita 300 tu juu ya bahari na sisi tuko karibu 1,500, hewa nyepesi na milima juu yake.

Kwa hiyo viongozi wa ekipe, tafadhali, pangeni watu wawili wawili, kila mtu na anayemzidi kidogo, na listi ibaki na namba bila majina. Na yule mpiga picha, kama kuacha kunamshinda, ajipige picha mwenyewe akiwa katikati ya mlima.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu