Risala ya Klabu ya Mijadala kwa Mgeni Rasmi: NATO na Ahadi Inayojaribiwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwanza pokea shikamoo zetu, na asante kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi katika mahafali haya ya kidato cha sita. Umekuwa balozi kwa miaka mingi, na tunajua risala umesomewa nyingi. Hii yetu haitaanza na upungufu wa madawati. Upungufu upo, tutaufikia. Ulipopata mwaliko wetu ulimuuliza mwalimu mlezi: watoto wa Tanga wana nini na NATO? Swali hilo lilisomwa kwenye kikao cha klabu, watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Risala hii ndiyo majibu yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tulifika NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa njia ya maandazi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, ngano na mafuta vilipanda bei, na maandazi tuliyoyajua yakawa madogo huku bei yake ikibaki palepale. Wakubwa zetu waliotutangulia klabuni wakaanza kuulizana vita hivi vimetoka wapi. Kila walipoufuata uzi, uliwafikisha Brussels, yaliko makao makuu ya NATO. Mjadala huo wakatuachia sisi.

Mwaka huu tuliamua kuusoma mkataba wa NATO wenyewe badala ya kubishana kwa habari za kusikia. Ulitiwa saini Washington Aprili 4, 1949 na nchi 12, na una ibara 14 tu. Katiba ya klabu yetu ni ndefu kuliko huo. Ibara ya 5 kila mtu ameisikia: shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote. Tuliamini maana yake ni kwamba mmoja akiguswa, wote wanaingia vitani siku hiyohiyo. Tulipoisoma hadi mwisho tukakuta kila nchi imeachiwa kuchukua hatua ile itakayoona inahitajika, ikiwamo kutumia jeshi. Kwa maandishi, basi, mmoja anaweza kuleta vifaru na mwingine akaleta blanketi, na wote wakasema wametimiza. Wamarekani ndio waliotaka maneno yalegee namna hiyo, kwa kuwa Katiba yao inalipatia Bunge mamlaka ya kutangaza vita, na Seneti isingekubali mkataba uamue kwa niaba yake.

Hapo klabu ilikwama wiki tatu. Ikiwa maandishi yamelegea hivyo, nini kimewalinda miaka yote hii? Tulichokubaliana ni kwamba adui amekuwa akiamini watakuja. Akiendelea kuamini, hawana haja ya kuja. Siku atakayoanza kushuku, atajaribu kidogo aone. Kila changamoto tuliyoisoma baada ya hapo iliturudisha kwenye shaka hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ibara hiyo imewahi kutumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Waliosaidiwa walikuwa Wamarekani, wenye jeshi kubwa kuliko wenzao wote. Denmark, nchi ya watu wapatao milioni sita, ilipoteza askari zaidi ya 40 katika vita vilivyofuata Afghanistan. Ndiyo maana suala la Greenland limewauma sana Wadenmark. Kisiwa hicho kimo katika ufalme wao, na Rais Trump amesema mara kadhaa kwamba Marekani inapaswa kukimiliki. Tuliurudia mkataba kutafuta dawa. Ibara ya 1 inawataka wanachama wamalize migogoro yao kwa amani, lakini hakuna ibara yoyote ya kumfukuza mwanachama. Mwenzetu mmoja wa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Lugha) alisema hii ni kama mlinzi wa usiku kuanza kuidai nyumba anayoilinda. Mwalimu mlezi alituonya tusiliweke hilo kwenye risala. Tumeliweka, tunaomba radhi.

Upande wa mashariki, vita vya Ukraine vimeleta kinyume cha alichokitaka Rais Putin. Finland iliingia Aprili 2023, na mpaka wa NATO na Urusi ukaongezeka kilomita 1,340 kwa siku moja. Sweden iliingia Machi 2024, lakini baada ya kusubiri karibu miaka miwili, kwa sababu uamuzi unahitaji ridhaa ya wote, na Uturuki na Hungary walikuwa na yao. Wasiwasi mkubwa uko katika ukanda wa Suwałki, penye mpaka wa Poland na Lithuania, kati ya Belarus na mkoa wa Urusi wa Kaliningrad. Ni kama kilomita 65, safari ya kutoka hapa Tanga hadi karibu na Segera. Pakizibwa hapo, Lithuania, Latvia na Estonia hazina njia nyingine ya nchi kavu ya kufikiwa na wenzao.

Hata hivyo, vifaru havikutusumbua kichwa kama nanga.

Oktoba 2023 nanga ya meli iliharibu bomba la gesi kati ya Finland na Estonia. Siku ya Krismasi 2024 kebo ya umeme ya Estlink 2, kati ya nchi hizohizo mbili, ikakatika. Finland iliikamata meli ya Eagle S, iliyoshukiwa kuikata kwa nanga, na kuwashtaki maofisa wake. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo, kwani tukio lilikuwa nje ya maji ya nchi. Sasa nani atatangaza vita kwa sababu ya nanga? Estonia ilionja mapema zaidi: mwaka 2007 tovuti za serikali, benki na magazeti zilishambuliwa kwa siku nyingi baada ya sanamu ya askari wa Kisovieti kuhamishwa katikati ya Tallinn. Na Septemba 10, 2025 droni za Urusi ziliingia Poland. Baadhi zilitunguliwa na ndege za kivita ambazo kombora lao moja lina gharama kubwa kuliko droni nzima. Poland iliomba Ibara ya 4, ile ya kukaa na kushauriana. Kila jambo hapa ni dogo mno kuamsha Ibara ya 5, na ni kubwa mno kunyamaziwa. Anayefanya hivyo anajua kizingiti kiko wapi.

Kuhusu fedha hatutasema mengi. Walikubaliana kutumia kwa ulinzi asilimia 2 ya pato la taifa mwaka 2014, wengine wakachelewa kuifikia, na Juni 2025 huko The Hague wakaahidi asilimia 5 ifikapo 2035.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usidhani klabu hii imeipenda NATO. Meli zake zilisaidia kupambana na maharamia katika bahari yetu kuanzia 2008 hadi 2016, na kwa mji wa bandari hilo si dogo. Lakini mwaka 2011 ilipiga mabomu Libya wakati Umoja wa Afrika una mpango wake wa upatanishi mezani, na silaha zilizotoka kwenye maghala ya Gaddafi zikasambaa hadi Sahel. Waliolipa hawakuwa wanachama wa NATO.

Na jambo lililotushtua tulilikuta nyumbani. Nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo Tanzania nayo imo, zina mkataba wao wa kulindana, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003. Nao unasema kila nchi itashiriki kwa namna itakayoona inafaa. Kikosi cha SADC kilikwenda mashariki mwa Kongo mwishoni mwa 2023, askari wa Tanzania wakiwamo, na Machi 2025 wakuu wa nchi wakaamua kukiondoa, mji wa Goma ukiwa mikononi mwa waasi wa M23. Baada ya kusoma hayo, mjadala kuhusu Lithuania haukuwa tena wa Wazungu.

Katika kikao cha mwisho tulipiga kura: Lithuania ikishambuliwa kesho, je, wote watakuja? Waliosema hapana walishinda kwa kura mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa maombi yetu. Madawati tumekwisha kuyataja. Tunaomba projekta, na tunaomba ramani mpya ya dunia, kwani iliyopo ukutani bado ina Yugoslavia. La tatu halina gharama. Wewe umekaa kwenye vyumba ambamo nchi huahidiana. Tunaomba utakaposimama utuambie, mtu akikuahidi hatua atakayoona inafaa, ulikuwa unamwangalia wapi ili ujue kama atakuja?

Tunaomba kuwasilisha.